Duka Lililomo Ndani ya Simu

Katika mji mdogo wa Kidatu, kaskazini mwa Bonde la Kilombero, hukutana reli mbili. Moja ni tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa kupitia Mikumi. Nyingine ni Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, itokayo Dar es Salaam na kuendelea Ifakara, Mlimba na hatimaye Kapiri Mposhi nchini Zambia. Reli ya kwanza ina upana wa milimita 1,000 kati ya vyuma vyake viwili. Upana wa reli ya pili ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, nayo haifikii upana wa kiganja cha mtu mzima. Hata hivyo, kwa ajili ya tofauti hiyo, behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine. Mzigo hauna budi kushushwa na kupakiwa upya.

Jambo linalofanana na hilo limo katika simu za mkononi zitumikazo katika bonde hilo hilo. Mkulima wa mpunga wa Mang'ula aweza kuwa na simu ya Tecno, binti yake asomaye Ifakara akawa na simu ya Huawei, na ndugu yao wa Mlimba akawa na simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kitochi. Simu zote tatu hupigiana bila kizuizi, kwa kuwa sauti na ujumbe mfupi wa maandishi hufuata kanuni zilizokubaliwa kimataifa. Lakini wakitaka kutumia programu moja, iwe ya kutumiana picha, ya kuweka hesabu za mavuno au ya kujifunzia masomo, huenda mmoja akaipata, wa pili akaipata kwa taabu, na wa tatu akaambiwa kwamba programu hiyo haipo kabisa kwa simu ya aina yake. Sababu yaweza isiwe ubovu wa simu wala uhaba wa minara, bali duka. Kila simu ya kisasa hutegemea duka lake la programu, na wenye maduka hayo wamo katika mashindano makali ambayo wanunuzi wengi hawayaoni.

Makala haya yanaeleza maduka hayo ni kitu gani, kwa nini watengenezaji wa simu huyapigania, na kwa nini matokeo ya ushindani huo, uendeshwao California, Shenzhen na Brussels, hufika hadi Ifakara.

Programu, mfumo endeshi na duka

Simu janja ni kompyuta ndogo. Kama ilivyo kompyuta yoyote, ina sehemu mbili: chuma na maagizo. Maagizo hayo nayo yamegawanyika. Chini kabisa upo mfumo endeshi, ambao kazi yake ni kuamrisha kioo, kipaza sauti, kamera, betri na kumbukumbu. Juu ya mfumo endeshi huwekwa programu za kazi mbalimbali. Programu haiongei na kamera moja kwa moja. Huuomba mfumo endeshi uifungue kamera, na maombi hayo hutolewa kwa namna iliyopangwa na mtengenezaji wa mfumo. Kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja haiwezi kuendeshwa na mfumo mwingine, kama vile behewa la Kilosa lisivyoweza kuendelea Mlimba. Ni lazima iandikwe upya, yote au sehemu yake kubwa.

Mifumo inayohusika zaidi na makala haya ni mitatu. Upo iOS, ulio mali ya kampuni ya Apple na ambao hutumika katika simu zake peke yake. Upo Android, uendelezwao na Google na kutumiwa na watengenezaji wengi, wakiwamo Samsung, Tecno, itel na Infinix. Na upo KaiOS, uliobuniwa kwa ajili ya simu ndogo za vitufe zenye kumbukumbu haba.

Duka la programu ni mahali katika mtandao ambapo mwenye simu huzichagua programu na kuzipakua. Lakini neno duka lisimdanganye msomaji akadhani ni rafu ya bidhaa tu. Duka hilo hufanya kazi nne kwa pamoja. Kwanza, ni orodha: programu isiyomo katika orodha ni vigumu kujulikana. Pili, ni mkaguzi: huzipima programu kabla ya kuzipokea. Tatu, ni fundi wa matengenezo: kosa likigunduliwa katika programu, duka hupeleka toleo jipya katika simu zote zilizo nayo. Nne, ni karani wa fedha: hupokea malipo, hukata fungu lake, kisha humpa mtunzi kinachobaki.

Kazi ya ukaguzi husaidiwa na kitu kiitwacho saini ya kidijitali. Hii si saini ya kalamu bali ni mfululizo mrefu wa tarakimu zinazotokana na hesabu maalumu iliyofanywa juu ya programu nzima. Herufi moja tu ikibadilishwa ndani ya programu, hesabu hailingani tena na saini, na simu huikataa. Kwa njia hiyo simu huweza kutambua kwamba toleo jipya limetoka kwa mtunzi yule yule wa toleo la zamani.

Duara linalokuza na kuua

Apple ilifungua duka lake tarehe 10 Julai 2008 likiwa na programu zipatazo 500. Google ilifuata mwezi Oktoba mwaka huo huo kwa duka la Android, ambalo tangu mwaka 2012 huitwa Google Play. Mwaka 2009 BlackBerry ilifungua la kwake mwezi Aprili, na Nokia ikafungua duka lililoitwa Ovi mwezi Mei. Samsung na Microsoft nazo zilianzisha yao mwaka huo huo. Wakati huo Nokia ndiyo iliyokuwa kampuni iliyouza simu nyingi kuliko zote duniani, na jina lake lilijulikana katika kila kijiji cha Tanzania.

Ni kwa nini, basi, maduka mengi kati ya hayo yalikufa na machache yakastawi? Jibu limo katika hesabu rahisi. Chukulia kwamba mtunzi huhitaji miezi 6 kuiandika programu yake kwa mfumo mmoja. Katika mji fulani zimo simu 1,000. Kati ya hizo, 900 ni za mfumo wa kwanza na 100 ni za mfumo wa pili. Miezi 6 ya kwanza ya kazi itamfikisha kwa watu 900. Miezi 6 ya pili, yenye gharama ile ile, itamfikisha kwa watu 100 tu. Mtunzi mwenye busara ataishia mfumo wa kwanza. Watu wakiona kwamba mfumo wa pili hauna programu wanazozitaka, safari ijayo watanunua simu za mfumo wa kwanza, na wale 100 watakuwa 50. Hapo hata watunzi waliokuwa wakisitasita wataondoka.

Wataalamu wa uchumi huliita jambo hili nguvu ya mtandao: thamani ya kitu huongezeka kadiri watumiaji wake wanavyoongezeka. Gulio lenye wanunuzi wengi huwavuta wauzaji, na wauzaji wengi huwavuta wanunuzi. Gulio lililoanza kupungua hupungua kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Nokia ilishindwa katika duara hilo. Mwaka 2011 iliamua kuuacha mfumo wake na kuushika wa Microsoft, na mwezi Aprili 2014 biashara yake ya simu ikakabidhiwa kwa Microsoft yenyewe. Nayo Microsoft haikufaulu. Mwezi Desemba 2019 duka la simu zake za toleo la 8.1 lilifungwa. BlackBerry ilizima huduma za mfumo wake wa zamani tarehe 4 Januari 2022.

Jambo la kuangaliwa hapa ni hili: siku duka lilipofungwa, hakuna kioo kilichovunjika wala betri iliyokufa. Simu zilikuwa zile zile za jana. Kilichokatika ni mshipa uliozilisha.

Faida iko wapi

Mtu aweza kuuliza kwa nini kampuni inayouza simu ijisumbue na duka, ilhali programu nyingi hutolewa bure. Sababu ni kwamba simu huuzwa mara moja, lakini duka huingiza fedha kila siku. Kwa muda mrefu kiwango cha kawaida cha maduka makubwa mawili kilikuwa asilimia 30. Programu ikiuzwa kwa shilingi 10,000, mwenye duka huchukua 3,000 na mtunzi hubaki na 7,000. Mwaka 2021 Apple na Google zilipunguza ushuru huo hadi asilimia 15 kwa watunzi wadogo, yaani kwa mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Zaidi ya ushuru, yapo matangazo ya biashara, na ipo nafasi ya mbele dukani, ambayo huweza kuuzwa kama kizimba cha sokoni kilicho karibu na mlango.

Kwa mtengenezaji wa simu za bei nafuu jambo hili lina uzito wa pekee. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, yenye alama za Tecno, itel na Infinix, imejijenga kwa kuuza simu za bei ndogo barani Afrika. Faida juu ya kila simu ya bei ndogo haiwezi kuwa kubwa. Kwa hiyo kampuni hiyo imeweka katika simu zake duka lake yenyewe, liitwalo Palm Store, likikaa bega kwa bega na Google Play, pamoja na programu nyingine zilizokwishawekwa kabla simu haijatoka kiwandani. Anayenunua simu kama hiyo katika duka la Ifakara ananunua pia nafasi katika uwanja wa mashindano: maduka mawili ndani ya kioo kimoja, kila moja likitaka lifunguliwe kwanza.

Google nayo imeilinda nafasi yake kwa mikataba. Msimbo wa Android hutolewa wazi, na mtengenezaji yeyote aweza kuutumia. Lakini duka la Google Play halitolewi hivyo, bali kwa leseni. Mwezi Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34. Tume iliona kwamba watengenezaji waliotaka duka hilo walilazimishwa kuweka pia chombo cha kutafutia habari na kivinjari cha Google, na walizuiwa kuuza simu zenye mifumo ya Android iliyobadilishwa bila idhini. Mwaka 2022 mahakama ilipunguza faini hadi euro bilioni 4.125 lakini ikaacha sehemu kubwa ya uamuzi isimame. Huko Marekani, mwezi Desemba 2023, baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba Google ilikuwa imehodhi biashara ya duka lake kinyume cha sheria, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya michezo ya Epic Games. Mwezi Julai 2025 mahakama ya rufani ilithibitisha hukumu hiyo.

Mfano wa Huawei

Mwezi Mei 2019 Serikali ya Marekani iliiweka Huawei katika orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuuziwa teknolojia ya Kimarekani bila kibali. Simu zilizokwisha kutoka ziliendelea kulitumia duka la Google. Aina mpya zilizofuata zilitoka bila duka hilo. Huawei ikalitanua duka lake, AppGallery.

Wengi walidhani kwamba pengo ni la orodha tu, na kwamba likijazwa mambo yatakuwa sawa. Kumbe pengo lilikuwa na kina zaidi. Programu nyingi za Android hazitegemei mfumo endeshi pekee. Hutegemea pia huduma za Google zilizo nyuma ya duka, kama vile kuonyesha ramani, kutambua mahali simu ilipo, na kupeleka taarifa za ghafula. Programu ya benki yaweza kuwekwa katika simu isiyo na huduma hizo na bado ikashindwa kufunguka, kwa sababu inaita fundi asiyekuwapo. Mtunzi hulazimika kuiandika upya sehemu hiyo kwa kutumia huduma za Huawei. Kampuni kubwa huweza kuigharimia kazi hiyo. Kijana anayetunga programu ya bei za mchele peke yake chumbani, huenda asiweze.

Kitochi kilichopewa duka

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wakazi wa bonde. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilianza kuuza simu iliyoitwa Smart Kitochi. Kwa umbo ilikuwa simu ya vitufe, lakini ndani iliendeshwa na mfumo wa KaiOS na ilikuwa na duka lake, KaiStore. Mfumo huo ulitokana na Firefox OS, kazi ya shirika la Mozilla iliyoachwa njiani, na ulikuwa umeandikwa kwa ufundi wa kuridhisha: uliweza kuendesha programu katika simu yenye kumbukumbu ya megabaiti 256. Mwaka 2018 Google ilikuwa imeweka dola milioni 22 katika kampuni ya KaiOS, na mwezi Julai 2019 WhatsApp ikaingia KaiStore. Kwa mtu asiyekuwa na uwezo wa kununua simu janja, hapa palikuwa na daraja: betri ya kudumu, tochi, na pamoja na hayo WhatsApp.

Lakini duka dogo hutegemea nguzo chache. Tarehe 25 Juni 2024 WhatsApp iliondolewa KaiStore. Aliyekuwa hana hakuweza tena kuipata, na waliokuwa nayo walitangaziwa kwamba itakoma mwanzoni mwa mwaka 2025. Mfumo wenyewe haukuwa umeharibika. Mwenye programu ndiye aliyeamua kwamba haifai tena kuigharimia, kwa hesabu ile ile ya simu 900 na simu 100. Simu iliyonunuliwa kwa sababu ya programu moja ikabaki bila sababu hiyo.

Jambo hili halizihusu simu za vitufe tu. Toleo la Android lililotoka mwaka 2013, liitwalo KitKat, liliachwa na huduma za Google mwaka 2023, na WhatsApp ikaliacha mwanzoni mwa mwaka 2025. Katika nchi tajiri simu ya miaka 10 huwa imekwisha kutupwa. Katika vijiji vya Kilombero huenda ikawa inaanza maisha ya pili au ya tatu, baada ya kaka kumwachia mdogo wake au fundi wa Ifakara kuibadilishia kioo. Ratiba ya maduka hupangwa kwa kufuata desturi ya wale, si ya hawa.

Kurushiana

Wakazi wa bonde hawakukaa kimya mbele ya hali hiyo. Kupakua programu dukani hutumia bando, na bando ni fedha. Kwa hiyo imezoeleka kurushiana: simu mbili huwekwa karibu, na kwa programu kama Xender faili ya programu hupita kutoka moja hadi nyingine kwa mawimbi ya redio, bila kugusa mtandao wala duka. Mfumo wa Android huruhusu jambo hilo, iOS hairuhusu.

Njia hii ina faida iliyo wazi, na ina hatari ambayo yafaa ieleweke kwa usahihi. Saini ya kidijitali huthibitisha kwamba programu haikubadilishwa tangu ilipotiwa saini. Haithibitishi kwamba aliyeitia saini ni mtu mwema. Mwizi aweza kuichukua programu halali, akaitia kipande cha kunasa namba za siri, kisha akaitia saini yake mwenyewe. Simu ambayo haijapata kuwa na programu hiyo haina cha kulinganisha, nayo itaipokea. Kwa hiyo kurushiana programu na mtu anayeaminika ambaye aliipata dukani ni jambo moja. Kupokea faili ya benki au ya kutumia pesa kutoka kwa asiyejulikana ni jambo jingine.

Mwezi Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu zote zitakazowekwa katika simu za Android zilizoidhinishwa nayo, hata zisizopita dukani kwake, zitatakiwa ziwe za watunzi waliojisajili na kuthibitishwa utambulisho wao. Kwa mujibu wa tangazo hilo, utaratibu ungeanza na nchi nne mwaka 2026 na kuenea duniani tangu mwaka 2027. Shabaha iliyotajwa ni kuwazuia matapeli, nayo ni shabaha njema. Lakini maana yake pia ni kwamba hata njia ya pembeni itakuwa na mlinzi, na mlinzi ni yule yule mwenye duka.

Fundisho la Ulanga

Ng'ambo ya Mto Kilombero, mkabala wa Ifakara, iko Wilaya ya Ulanga. Mwaka 2009 ilichaguliwa, pamoja na Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini, kwa jaribio lililoitwa SMS for Life. Tatizo lilikuwa la kufisha: wagonjwa wa malaria walifika vituoni na kukuta dawa zimekwisha, wakati bohari ya wilaya haikuwa na habari. Wizara ya Afya, pamoja na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, iliweka utaratibu mwepesi. Kila wiki mhudumu wa kituo alipokea ujumbe mfupi katika simu yake mwenyewe ukimwuliza dawa zilizobaki. Alijibu kwa ujumbe wa bure, naye alipewa salio dogo la zawadi. Majibu yalikusanywa na kuonekana wilayani.

Jaribio lilihusu vituo 129 kwa wiki 21. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa zilizofuatiliwa. Wiki ya 21, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 26. Na matokeo hayo yalipatikana bila duka lolote. Hakuna aliyepakua kitu, hakuna aliyehitaji toleo jipya, na haikujulisha kitu kama simu ya mhudumu ilikuwa ya Nokia, ya Samsung au ya itel.

Ndivyo zilivyo pia huduma za kupiga alama ya nyota. Mtu apigapo *150*00# kuifungua M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, au *152*00# kuzifikia huduma za Serikali, maagizo huendeshwa katika kompyuta za mtandao wa simu, si katika simu yake. Simu hubeba maneno tu. Vivyo hivyo namba 115 ya mpango wa m-mama, inayowasaidia akina mama wajawazito na watoto wachanga kupata usafiri wa dharura, hupigwa kwa simu yoyote. Njia hizi ni kama reli ya upana mmoja nchi nzima.

Haimaanishi kwamba programu hazina kazi. Zipo kazi ambazo ujumbe mfupi hauziwezi. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo historia yake ilianza na maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1950, wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford katika mradi uitwao HumBug. Katika mradi huo simu janja ya bei nafuu huwekwa katika mfuko wa chandarua maalumu, na programu iitwayo MozzWear hurekodi mlio wa mbawa za mbu waliovutwa na mtu aliyelala. Kwa kuwa kila aina ya mbu hupiga mbawa kwa kasi yake, mlio husaidia kutambua aina ya mbu. Kazi hiyo huhitaji kipaza sauti, kumbukumbu na hesabu nyingi, kitochi hakiiwezi. Lakini programu ya namna hiyo hufungwa na mfumo iliyoandikiwa, na kila mfumo unapobadilika lazima apatikane wa kuirekebisha na wa kumlipa.

Yafaayo kuzingatiwa

Kwa mnunuzi, swali la kwanza dukani huwa ni bei, la pili betri, la tatu kamera. Yafaa liongezwe la nne: simu hii inatumia duka gani, na toleo la mfumo wake ni la mwaka gani? Simu ya bei ndogo yenye toleo la zamani huweza kuwa ghali kuliko iliyozidi bei kidogo, kwa sababu miaka yake imekwisha kuliwa kabla haijanunuliwa.

Kwa kijana mtunzi wa programu, mlango wa maduka una bei isiyolingana: Google hutoza dola 25 mara moja tu, Apple dola 99 kila mwaka. Aliye na shaka aanze na tovuti inayofunguka katika kivinjari cha simu yoyote. Humo hamna mwenye duka wa kumfungia mlango.

Kwa idara za umma na miradi ya maendeleo, fundisho la Ulanga ni kipimo. Huduma inayogusa uhai, elimu au chakula ianzie katika njia ambayo kila simu inaiweza: sauti, ujumbe mfupi, alama ya nyota. Tovuti ifuate. Programu ya dukani iwe nyongeza kwa kazi isiyowezekana vinginevyo, na bajeti ya kuitunza ipangwe tangu siku ya kwanza. Na kwa Taifa, mashindano ya maduka si jambo la kuachiwa Brussels na San Francisco peke yake. Tanzania ina Tume ya Ushindani na ina Mamlaka ya Mawasiliano, na zote mbili ziliundwa kwa sheria za mwaka 2003. Mikataba inayoamua simu ya mwananchi itaishi miaka mingapi inastahili kutazamwa nazo.

Wakazi wa Ifakara na Ulanga hawahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya kutegemea kivuko kimoja. Kwa miaka mingi mgonjwa, mwalimu na gunia la mpunga vilingoja ukingoni mwa Mto Kilombero hadi pantoni ivuke, na mto ulipofurika vilingoja zaidi. Daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, liliondoa kungoja huko. Duka la programu ni kivuko chenye manufaa, na wenye nacho wamekijenga kwa ustadi. Lakini palipo na huduma ya lazima, busara ni kuhakikisha kwamba kivuko si njia pekee ya kuvuka.